Nauli Ilitoka Wapi?

Katika hospitali nyingi za serikali Tanzania Bara, ofisi ya ustawi wa jamii haiko mbali na dirisha la malipo. Mtu hufika pale akitokea dirishani, mkononi ameshika karatasi yenye kiasi cha fedha ambacho hana. Pengine amelala kwenye benchi usiku kucha. Pengine mgonjwa wake yuko wodini, anasubiri kipimo ambacho hakitafanyika mpaka risiti ionekane. Anayempokea ni afisa ustawi wa jamii, na kazi ya afisa huyo ni kujua, ndani ya dakika chache, kama mtu aliye mbele yake kweli hana uwezo wa kulipa.

Nimekaa katika ofisi ya namna hiyo, kwenye hospitali moja ya rufaa ya Nyanda za Juu Kusini, nikimwangalia mama mmoja wa makamo akiifanya kazi hii. Naiandika kwa sababu wengi wetu tunadhani ni kazi ya kugonga mihuri. Nilichokiona ni ufundi hasa, na unastahili kutazamwa bila haraka.

Uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza katika hospitali zetu mwaka 1993. Sera imeyapa msamaha baadhi ya makundi: wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, wagonjwa wa kifua kikuu, wa UKIMWI, wa ukoma na wengineo. Mengi ya makundi hayo yana alama. Mimba inaonekana, kadi ya kliniki inasema umri wa mtoto, maabara inathibitisha kifua kikuu. Kundi gumu ni lile la wasio na uwezo, kwa sababu umaskini haupimwi maabara. Mtu hutakiwa kuleta barua ya mtendaji wa kijiji au ya serikali ya mtaa, nayo husaidia. Lakini yupo mtendaji anayemwandikia kila anayebisha hodi, na yupo ambaye hapatikani wiki nzima. Aliyegongwa na pikipiki jana usiku hakupita kwa mtendaji kuomba barua.

Kwa hiyo kazi inabaki kwenye maswali. Mama yule hamuulizi mtu ana shilingi ngapi. Kwanza husogeza kiti chake kando ya meza ili karatasi zisikae kati yao, kisha salamu, na salamu yenyewe haikimbizwi. Akishamaliza kuuliza mgonjwa ameamkaje, anauliza walikuja na usafiri gani. Halafu, kwa sauti ile ile, anauliza: "Nauli ilitoka wapi?"

Mwanzoni sikuelewa uzito wa swali hilo. Kadiri nilivyokaa ndivyo nilivyoona kwamba karibu kila kitu cha kaya kimo ndani ya jibu lake. Aliyetumiwa nauli kwa simu na kaka yake aliyeko Dar es Salaam ana kaka, na kaka anaweza kupigiwa. Aliyeuza mbuzi ataulizwa, polepole, kama wamebaki wengine. Aliyekopa kwenye kikoba ana wenzake wanaomwamini, lakini pia ana deni linalomngoja nyumbani. Aliyechangiwa na majirani amekwisha kuwamaliza watu wa kuwaendea, na huyo mama yule humwandikia bila kumsumbua zaidi. Swali haliumizi, kwa sababu kila mtu ana hadithi ya safari yake na yuko tayari kuisimulia. Fedha ndiyo anayoiona aibu kuitaja.

Aibu hiyo ndiyo inayowaangusha maafisa wachanga. Siku moja alikuwapo mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, kijana mwenye heshima na nia njema. Akamuuliza bibi mmoja moja kwa moja: "Bibi, una uwezo wa kulipa?" Bibi akajinyoosha kwenye kiti akajibu, "Ndiyo, mwanangu." Kijana akaanza kuandika. Mama yule hakumkatiza wala hakumrekebisha mbele ya mgeni. Alimwinamia bibi kidogo.

"Mama, jana usiku mlikula nini nyumbani?"

"Chai."

"Chai na nini?"

"Chai, mwanangu."

Kijana akaacha kuandika. Bibi hakuwa amedanganya. Aliulizwa na mtoto wa kumzaa kama anaweza kujitegemea, akajibu kama mtu mzima anavyojibu. Swali ndilo lililokuwa baya.

Macho nayo yana sehemu yake, na hapa ndipo anayefanya kwa mazoea hukosea. Watu wetu huenda hospitali wamevaa kilicho bora, na asiye nacho huazima. Mama yule haangalii ubora wa gauni. Nilimwona akitupia jicho viatu vya mwanamke mmoja aliyependeza kweli kweli: vilikuwa vya ngozi, vizuri, vikubwa kuliko miguu yake, na ndani ya kisigino kulikuwa na karatasi iliyokunjwa. Hakusema neno. Baadaye mwanamke mwenyewe alitaja kwamba shoga yake ndiye aliyemvalisha asubuhi ile. Kinyume chake, yuko mkulima mwenye suruali ya viraka na matope mpaka magotini ambaye ana ekari kadhaa za chai, na matope ni ya shambani kwake mwenyewe.

Kitu kilichonishangaza kuliko vyote ni namna anavyokadiria umri. Bado wapo wazee wasio na cheti cha kuzaliwa, na kitambulisho cha taifa kinaweza kuwa kimepotea au kimebaki nyumbani kilomita mia moja huko nyuma. Kati ya miaka 58 na 61 kuna tofauti ya kulipa na kutolipa, na uso wa mtu aliyelima maisha yake yote hausemi ukweli kuhusu miaka. Alikuja mama mmoja aliyesema hajui alizaliwa lini. Afisa akamuuliza kuhusu Operesheni Vijiji, wakati watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1973 hadi 1976: siku ile ya kuhama, yeye alibeba nini?

"Mdogo wangu, mgongoni."

"Alikuwa anatembea?"

"Alikuwa anaota meno."

Akamuuliza kuhusu ule unga wa njano wa msaada uliokuja wakati wa njaa ya mwaka 1974, ambao watu waliuita unga wa Yanga: ugali alikuwa anasonga nani? Akajibu kwamba alikuwa anasonga mwenyewe, mama yake yuko shambani. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo mimi nilipaswa nisiisikie, akamuuliza kama wakati wa Vita vya Kagera alikuwa amekwisha kuvunja ungo. Ndiyo kwanza alikuwa ametolewa ndani, alisema, askari walipokuwa wanapita barabarani kwenye malori. Binti anayeweza kumbeba mtoto mgongoni na kusonga ugali mwaka 1974, na aliyevunja ungo mwaka 1978 au 1979, amezaliwa karibu na 1965. Majibu matatu, kutoka pande tatu za maisha yake, yaliangukia mahali pamoja. Akaandika mwaka wa makadirio na sababu zake, kwa mistari miwili, ili yeyote atakayelifungua faili aone alikoutoa.

Ufundi huu haupatikani kwa kukariri tarehe. Lazima ujue historia ya nchi kama ilivyopita jikoni na shambani. Ujue mtoto wa kike alianza lini kubebeshwa mdogo wake, na ujue ni lipi la kuuliza kwa sauti na lipi la kunong'ona. Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, inawafundisha maafisa hawa misingi ya taaluma. Swali la nauli na swali la kuota meno, nadhani, hurithishwa ofisini, kutoka kwa aliyekalia kiti hicho kabla.

Yupo pia mgonjwa asiyeweza kuulizwa. Huletwa na polisi na fomu ya PF3 baada ya ajali ya barabarani, na mahali pa jina huandikwa "Hajulikani". Hospitali humtibu, lakini mtu huyu ana mke au mama mahali fulani anayemsubiri. Nilifuatana na mama yule wodini kwa kijana wa namna hiyo, ambaye alikuwa anafumbua macho bila kusema kitu. Akamsalimia kwa Kihehe: "Kamwene." Kimya. Akamsalimia kwa Kigogo: "Mbukwenyi." Kimya. Aliposema "Mwangaluka", macho yaligeuka yakamtazama na midomo ikacheza. Basi, ni Msukuma. Kuanzia hapo simu zilianza kupigwa kwa maafisa wenzake wa mikoa ya Kanda ya Ziwa, kuulizia kama kuna gari lililobeba vibarua kuja kusini. Sikuwapo ndugu zake walipopatikana. Niliambiwa wamekuja.

Tusiseme kazi hii ni huruma tupu. Kila msamaha unaotolewa ni dawa iliyotoka stoo bila fedha ya kununulia nyingine, na hospitali inaendeshwa kwa sehemu na makusanyo hayo hayo. Afisa akiwa mwepesi wa kusaini, atakayeumia ni mgonjwa wa wiki ijayo atakayeambiwa dawa zimekwisha. Ndiyo maana napenda hata namna mama yule anavyokataa. Alikuja baba mmoja na barua safi ya mtendaji, yenye muhuri. Mazungumzo yakaonyesha kwamba ana bajaji mbili mjini, moja imeharibika. Hakumwita mwongo. Alimwambia: "Baba yangu, uwezo unao, ila leo huna fedha mkononi. Hayo ni mambo mawili." Akampangia kulipa kwa awamu, wakaandikishana, na matibabu yakaendelea siku ile ile. Yule baba aliondoka bila kudhalilishwa, na hospitali haikupoteza.

Niliomba nione anavyoandika maelezo yake, majina yakiwa yamefunikwa. Hakuna mahali alipoandika "maskini sana" wala "hali ngumu". Anaandika: mjane, watoto wanne, anapalilia kwa kibarua, nyumba ya nyasi, ameuza plau kuja hospitali, hana ndugu mwenye kipato. Mhasibu akisoma anajua kwa nini fedha haikuingia, na mkaguzi akija mwakani hatakuwa na la kuuliza. Nimesoma ripoti nyingi ndefu kuhusu umaskini ambazo hazikunionyesha mtu hata mmoja kama mistari ile ilivyomwonyesha mjane yule.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka msingi wa kuwagharamia wasio na uwezo ili nao wawe na bima. Ni jambo jema na lilichelewa. Lakini hata siku kila kaya itakapokuwa na kadi, bado itabidi mtu aamue kaya ipi iandikwe katika orodha ya wasio na uwezo, na orodha iliyoandikwa na asiyejua kuuliza itawaacha nje wale wale wanaojibu "Ndiyo, mwanangu." Halmashauri zinapopanga ikama, nafasi za maafisa ustawi wa jamii zisiwe za kujazwa mwisho. Na wale wakongwe wanaokaribia kustaafu wapewe vijana wa kukaa nao mapema, angalau miaka miwili kabla.

Nawe msomaji, ukifika hospitali ya serikali na mgonjwa, fedha hazitoshi, usingoje siku ya kuruhusiwa wakati deni limeshakua. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii siku ya kwanza. Ukiweza, chukua barua ya mtendaji, kitambulisho chochote ulicho nacho, uthibitisho wa TASAF kama kaya yenu ni ya walengwa, na namba ya simu ya mwenyekiti wa kijiji au mtaa wako. Kama huna hata kimoja kati ya hivyo, nenda hivyo hivyo. Mwambie muuguzi wa zamu akuonyeshe ofisi ilipo.