Waraka wa Klementi na Neno la Imani

Katika maandiko ya Wakristo wa kwanza yasiyomo katika Agano Jipya, si mengi yafaayo kusomwa vijijini kama waraka ambao Kanisa la Rumi liliwapelekea Wakorintho karibu na mwaka 96. Jina la mwandishi halimo ndani yake. Wazee wa kale walimtaja Klementi, nasi twawafuata. Sababu yake yajulikana: Wakorintho walikuwa wamewaondoa baadhi ya wazee wao wa Kanisa, na ushirika ukavunjika.

Wengine humlaumu Klementi ya kuwa alimsahau Paulo upesi, akachanganya imani na matendo. Sisi twaona lawama hiyo ina nusu tu ya haki. Mtazameni Rahabu wa Yeriko. Waraka kwa Waebrania wasema aliokoka kwa imani; Yakobo asema alihesabiwa haki kwa matendo; Klementi aweka mawili pamoja, imani na ukarimu kwa wageni. Juu ya Ibrahimu asema vivyo hivyo. Msomaji wa Ulaya huona hapa mizigo miwili iliyofungwa kwa kamba moja. Sisi tusemao Kiswahili hatushtuki sana. Neno imani lilitoka Uarabuni pamoja na ndugu zake, amani na amana. Na lilipokwisha kuota mizizi kwetu, kama miti ya nchi za mbali iliyopandwa hapa Amani tangu chuo cha kilimo kilipoanzishwa mwaka 1902, likazaa maana nyingine. Kumwonea mtu imani ni kumhurumia. Asiye na imani ni mkatili. Basi mzee wa kijiji akisikia kwamba Rahabu alikuwa na imani, haulizi mbona aliwaficha wapelelezi darini.

Walakini neno letu laweza kutudanganya. Kwa Paulo imani si moyo mwema; ni kumtegemea Mungu ampaye haki mtu asiyekuwa nayo. Mwenye huruma nyingi aweza kuitegemea huruma yake mwenyewe. Na hapo Klementi hastahili lawama, kwa maana katika sura ya 32 akana kabisa kwamba hekima yetu, au utauwa wetu, au kazi zetu njema zaweza kutupatia haki. Ni imani tu. Paulo mwenyewe hakunena wazi kuliko hayo.

Upungufu wake uko katika sura ifuatayo. Auliza kama tuache basi kutenda mema. Usambara wokovu kwa imani umehubiriwa tangu misheni ya Mlalo ilipoanzishwa mwaka 1891, na swali hili hulifuata fundisho hilo kama kivuli. Vijijini lasemwa hivi: Mimi nimekwisha kubatizwa, mwanitakia nini tena? Paulo, alipokabili neno lililo karibu na hilo, alijibu kwa ubatizo wenyewe: aliyebatizwa amekufa pamoja na Kristo, na maiti hamtumikii bwana wake wa zamani. Klementi ajibu kwamba Muumba mwenyewe huzifurahia kazi zake, mbingu na nchi na wanyama, nasi tumwige. Jibu zuri, lapendeza hasa kwa wakaao milimani. Lakini msalaba haumo ndani yake. Mtu aweza kulikubali lote na kubaki vile vile alivyokuwa.

Kamba nyekundu ya Rahabu aifanya kuwa ishara ya damu ya Bwana, nalo lavumilika. Bali habari ya ndege wa Uarabuni aishiye miaka 500, akafa, akazuka tena katika mwili uliooza, ili kuthibitisha ufufuo, hatukuweza kuisoma bila kucheka kidogo.

Sehemu iliyo bora ilikosekana muda mrefu. Kitabu cha kale kilichotumiwa kuupiga chapa waraka huu mara ya kwanza, mwaka 1633 mjini Oxford, kilikuwa kimepotewa na karatasi moja karibu na mwisho. Hata mwaka 1873 Philotheos Bryennios aliona nakala kamili mjini Constantinople, akaitoa kwa chapa mwaka 1875. Katika maneno yaliyopotea mlikuwa na sala ndefu. Humo Klementi hajibu mtu, wala hapimi imani na matendo. Awaombea wenye njaa, wagonjwa, wafungwa, waliopotea njia, na hata watawala wa Rumi wasiomjua Kristo.