Orodha ya Fangasi ya WHO: Vifaranga wa Kakonko Hawamo

Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa orodha yake ya kwanza ya fangasi hatari kwa binadamu: 19, katika makundi matatu. Ilichelewa, lakini ilihitajika. Bakteria walipata orodha yao tangu 2017, huku fangasi wakiendelea kuonekana kama tatizo la mapunye na vidole vya miguu kuwasha tu, wakati wapo wanaoingia mapafuni, kwenye damu, hadi kwenye ubongo. Waandishi wake pia wanakiri waziwazi kwamba takwimu ni haba na dawa ni chache. Kwa hilo nawapongeza.

Tatizo langu ni namna walivyopanga. Vigezo vilikuwa 10: vifo, kulazwa, usugu wa dawa, upatikanaji wa vipimo na kadhalika. Vyote vinamtazama mtu aliyelala kitandani. Utasema, si ni shirika la afya ya watu? Sawa. Lakini wengi wa fangasi hawa hawatoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Wanatoka kwenye udongo, vinyesi, mbao na nyasi zilizovunda, na mifugo ndiyo inayolala hapo.

Mchukue Aspergillus fumigatus, aliyewekwa kundi la juu kabisa. Hapa Kakonko mvua zikishakolea, maranda yaliyotandikwa kwenye banda la vifaranga yanalowa na kuota ukungu. Yakikauka na kuchakurwa, mbegu za ukungu zinapaa. Ni ndogo mno, zinapita hadi kwenye vifuko vya hewa vya ndege, na joto la mwili wa kuku, kama nyuzi 41, halimsumbui fangasi huyu hata kidogo. Kifaranga anapanua mdomo, ananyoosha shingo, anahema. Jirani atasema ni mafua, mwingine atasema mdondo. Kinachofuata ni safari ya duka la dawa za mifugo kununua oksitetrasaiklini, ambayo ni dawa ya bakteria. Fangasi si bakteria. Hela imekwenda, maranda yako palepale, vifaranga wanaendelea kufa.

Dalili moja inasaidia: mara nyingi kifaranga wa namna hii anahema bila kukoroma. Akifa, akapasuliwa, mapafu yanaweza kuwa na vinundu vyeupe au vya njano, vidogo kama punje za ulezi. Hiyo peke yake haitoshi, maabara ndiyo ithibitishe, ila inatosha kumfanya mfugaji atoe maranda yote siku hiyohiyo. Ugonjwa huu hauambukizwi na kuku kwa kuku, kwa hiyo kuchinja wazima kwa hofu ni hasara ya bure.

Na si suala la kuku peke yao. Mwaka 2014 watafiti walichapisha taarifa ya Aspergillus fumigatus sugu kwa dawa za jamii ya azoli, waliopatikana kwenye mazingira ya Tanzania, si kwa wagonjwa. Azoli ndizo tunazomtibu nazo mtu, na ndugu zake hupuliziwa mashambani kuua ukungu wa mazao. Waraka wa WHO unakigusa kilimo, siwezi kuusingizia. Lakini ukifika kwenye kupanga nafasi, hesabu inarudi wodini.

Histoplasma yuko kundi la pili, kwa yale anayomfanyia binadamu. Nenda Ethiopia: uchunguzi uliochapishwa 2006 uliangalia farasi wa mikokoteni 19,082 na kukuta asilimia 18.8 wana ugonjwa wa Histoplasma wa farasi, ule wa majipu yanayofuata mishipa ya limfu. Farasi akilala, mkokoteni umelala, na chakula cha nyumba kimelala. Katika vigezo 10 hilo halina pa kuandikwa.

Pengo baya zaidi ni Sporothrix brasiliensis. Huyu paka anampa mtu kwa kumkwaruza au kumng'ata, na Brazili wanahangaika naye tangu miaka ya 1990. Orodha haimtaji kabisa.

Toleo lijalo likiwa na kigezo cha 11, cha mnyama, Sporothrix angeingia bila ubishi mkubwa. Aspergillus asingepanda wala kushuka, tayari yuko juu. Ila ofisa mifugo wa kata huku kwetu angekuwa na waraka wa kuweka mezani anapoomba gharama za kusafirisha sampuli ya pafu la kifaranga hadi maabara.