Mashujaa Saba, Kurasa 17

Mchoraji wa hadithi ya shujaa mmoja ana raha zake. Akishamchora mtu wake, nafasi yote iliyobaki ni ya majengo, adui na mawingu. Mchoraji wa kundi hana bahati hiyo. Ana watu saba, kila mmoja na mavazi yake, uwezo wake na kinyongo chake, na hadithi ikiisha msomaji anatakiwa awe amemwona kila mmoja wao. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1970, kijitabu cha Marvel kilikuwa na kurasa 17 tu za hadithi kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe: watu saba, adui, mapenzi mawili matatu yasiyo na mwisho, na kurasa 17.

Siku hizi ninapovirudia vijitabu hivyo, ngumi hazinishughulishi sana. Kinachonishika ni ugawaji. Katuni za makundi ya mashujaa ni sanaa ya kugawa, na anayegawa vizuri hastahili sifa ndogo, kwa sababu nafasi haitoshi kamwe na kila mlaji ana njaa.

Walioanza kazi hii walitumia njia rahisi. Mwishoni mwa 1940, katika toleo la 3 la All Star Comics, mwandishi Gardner Fox na mhariri Sheldon Mayer waliwakusanya mashujaa waliokuwa na hadithi zao katika vijitabu tofauti, wakawaketisha kwenye meza moja na kuwaita Justice Society of America. Kisha kila mmoja akasimulia kisa chake. Kundi lilikuwepo kwenye jalada na mezani. Ndani, kila mtu na lwake. Miaka 20 baadaye Fox yuleyule, akiwa na mchoraji Mike Sekowsky na mhariri Julius Schwartz, aliianzisha Justice League of America katika toleo la 28 la The Brave and the Bold. Adui alikuwa Starro, samaki-nyota mkubwa kutoka anga za mbali. Mashujaa wakatawanyika kupambana sehemu mbalimbali, wakarudi kumalizia kazi pamoja. Mgawo ulikuwa wa haki, lakini ulikuwa wa karani: kila mmoja na fungu lake, sahihi, anayefuata. Tena wote walisema kwa adabu ileile. Ukifunika picha ukaacha maneno, hutajua nani kasema nini.

Mwaka 1961 Stan Lee na Jack Kirby walipotoa Fantastic Four, waligundua kwamba watu wanne hawawi kundi kwa kukubaliana. Vikombe vya kabati moja havikosi kugongana. Ben Grimm, aliyegeuka kuwa jabali la rangi ya chungwa, hamsamehi Reed Richards kwa safari ya angani iliyomharibu mwili. Kijana Johnny anamchokoza kutwa. Sue anachoka kuamua ugomvi. Katika toleo la 9 wanafilisika kabisa, mpaka wanakwenda Hollywood kutafuta riziki kwenye filamu. Ugomvi huo ulikuwa na kazi yake. Kila mzozo ulimpa mtu sababu ya kuwa ndani ya kisanduku, na kila jibu la hasira lilimtambulisha msemaji kabla hujamtazama usoni.

Kirby naye aligawa kwa mistari. Mtazame Reed anapojinyoosha: ni mkunjo mmoja mrefu unaovuka kutoka kisanduku cha kushoto hadi ukingo wa kulia. Sue akitoweka, anabaki wa vistari vilivyokatikakatika. Johnny ni ndimi za moto tupu, wino mwepesi unaopanda juu. Ben ni vipande vya mawe vilivyopangwa, vizito, vyenye kingo. Wote wanne wamevaa sare moja ya buluu tangu toleo la 3, lakini hutawachanganya hata wakichorwa wadogo kama punje, maana kila mmoja ni aina yake ya mstari. Na Joe Sinnott alipoanza kuzitia wino kurasa hizo kwa mfululizo, kuanzia toleo la 44, mawe ya Ben yakapata mng'ao na uzito ambao penseli peke yake isingeutoa.

Hapo tunaingia karakana yenyewe. Kijitabu hakikutengenezwa na mtu mmoja. Pale Marvel, mwandishi alitoa muhtasari wa kisa, mara nyingine kwa mazungumzo tu. Mchoraji akakipanga ukurasa kwa ukurasa kwa penseli. Mwandishi akarudi kuandika maneno juu ya picha zilizokwisha kuchorwa. Mwandika herufi akayapanga maneno hayo kwa mkono. Mtia wino akaifanya penseli iwe kitu kinachoweza kuchapika. Mwisho akaja mtia rangi. Kwa hiyo kundi la mashujaa lilikuwa likitengenezwa na kundi jingine, la watu wanaolipwa kwa ukurasa na kufukuzana na tarehe ya kiwandani.

Kundi la mafundi ninalolipenda kuliko yote ni lile la The X-Men la kati ya 1977 na 1981. Kabla yake, kijitabu hicho kilikuwa mahututi: tangu 1970 kilikuwa kikirudia kuchapa hadithi za zamani. Mwaka 1975 Len Wein na Dave Cockrum wakaleta kundi jipya katika Giant-Size X-Men: Mjerumani, Mrusi, Mkanada, Mwairishi, Mjapani, Muapache, na Storm, mwanamke aliyechukuliwa kutoka Kenya. Baada ya hapo Chris Claremont akashika uandishi, na hakuuachia mpaka 1991. Toleo la 108 likamleta John Byrne kwa penseli. Wino ulikuwa wa Terry Austin, herufi za Tom Orzechowski, rangi za Glynis Wein.

Chukua toleo la 137, la Septemba 1980, ambalo lilipewa kurasa nyingi kuliko kawaida. Jean Grey, mwenzao, amezidiwa na nguvu zilizo ndani yake, amezima nyota na kuiangamiza sayari yenye watu. Dola moja ya angani inataka auawe. Wenzake wanapewa muda wa kufikiri kabla ya pambano litakalofanyika mwezini. Mwandishi mwenye haraka angewarusha vitani papo hapo. Claremont na Byrne wanasimama. Wanampa huyu visanduku vichache, na yule vichache, kila mmoja aipime nafsi yake: ninampigania kwa sababu ni rafiki, au kwa sababu ana haki? Hakuna anayejibu kama mwenzake. Pambano linapoanza, mgawo unageuka kuwa upunguzaji. Wanaanguka mmoja baada ya mwingine, na kila anayeanguka unamjua alivyofika pale, kwa hiyo kila anguko linauma kivyake. Wanabaki wawili, Jean na Scott anayempenda. Kisha anabaki mmoja.

Mwisho ule haukuwa wa kwanza kuandikwa. Mwandishi na mchoraji walikuwa wamemaliza mwisho mwingine, ambamo Jean ananyang'anywa nguvu na kurudi nyumbani akiwa hai. Mhariri mkuu Jim Shooter akaukataa: aliyeua sayari nzima hawezi kusamehewa kirahisi hivyo. Kurasa za mwisho zikachorwa upya. Wapo wanaolalamika mpaka leo. Mimi naona Shooter alikumbusha jambo ambalo katuni za mashujaa hupenda kulisahau, kwamba hata lawama ina fungu lake na lazima mtu alibebe.

Fundi mzuri anajua pia lini aache kugawa. Miezi michache kabla, mwishoni mwa toleo la 132, kundi karibu lote limeshikwa ndani ya jumba la matajiri waovu mjini New York. Wolverine ameongezewa uzito na mmoja wa maadui mpaka akapasua sakafu moja baada ya nyingine na kutumbukia kwenye mfereji wa maji machafu. Tunadhani kafa. Kisanduku cha mwisho kinamwonyesha akiwa majini, mkono umeshika bomba, macho juu. Ni zamu yake sasa, naye anajua. Mkanada huyo mfupi mwenye hasira karibu aachwe nje ya kundi kwa kukosa wa kumpenda. Byrne, aliyekulia Kanada, ndiye aliyemshikilia. Na ushindi wa picha hiyo nusu yake ni wa Austin. Kila tone, kila kutu ya bomba na kila kivuli kina mstari wake mwembamba, mpaka unahisi unyevu.

Claremont alikuwa na ila yake: aliandika mno. Mashujaa wake hueleza uwezo wao huku wakirusha ngumi, na huwaza aya nzima wakiwa hewani wakianguka. Ni hapo unapomwona Orzechowski. Mapovu ya maneno ameyapanga yashuke kutoka kushoto kwenda kulia, yasizibe uso wala kukata mkono unaorusha radi. Jicho linaongozwa bila kujua linaongozwa. Jaribu kupanga maneno 200 kwenye ukurasa wenye watu saba, ndipo utajua kwamba naye alikuwa msimulizi.

Rangi nazo zilikuwa na umaskini wao. Karatasi ilikuwa ileile ya magazeti, inayofyonza wino na kugeuka manjano baada ya miaka. Buluu, nyekundu na njano kila moja iliweza kukosekana, kuwa hafifu, ya kati au kamili. Nne mara nne mara nne: rangi 64, na nyeusi ya mistari. Rangi hafifu zilitokana na vitone, ambavyo ukikaribisha jicho unaviona kimoja kimoja. Ndiyo maana mavazi ya mashujaa ni rangi tupu zisizo na haya. Katika kisanduku kidogo chenye vurugu, kijani na dhahabu ni Jean, nywele nyeupe juu ya vazi jeusi ni Storm, doa la manjano ni Wolverine. Rangi ilikuwa kitambulisho. Zinapochapwa upya kwenye karatasi za kung'aa, rangi zilezile hupiga kelele, kwa sababu zilipimwa kwa karatasi inayokunywa wino.

Msomaji wa Nairobi au Arusha ana hesabu yake na Storm. Katika Giant-Size X-Men anaonekana Kenya akiabudiwa kama mungu na watu wanaomwomba mvua wakati wa ukame. Ni Kenya iliyochorwa na watu wa New York kwa kukisia. Kenya ya 1975 ilikuwa imekwisha kujenga jumba la mikutano la KICC katikati ya mji mkuu wake. Lakini kijitabu cha kila mwezi kina kitu ambacho filamu haina, nacho ni muda. Mwaka uliofuata, toleo la 102 likampa wazazi, mama Mkenya na baba mpiga picha Mmarekani, waliokufa chini ya kifusi mjini Cairo huku mtoto wao amenaswa kando. Tangu hapo mwanamke anayeamuru tufani anatetemeka akiwa mahali finyu. Akapewa chumba darini kilichojaa mimea, ambayo huinywesha kwa kijiwingu anachokiita mwenyewe. Na mwaka 1980 Scott, aliyekuwa kiongozi wa kundi, alipoondoka baada ya kifo cha Jean, uongozi ukawa wa Storm. Sanamu ya kigeni ilifanywa mtu, kisanduku kwa kisanduku, ndani ya miaka mitano.

Ugawaji huo wa haki uliishia ukingoni mwa karatasi. Stan Goldberg, aliyechagua rangi za mashujaa wa mwanzo wa Marvel, hakutajwa kwenye kurasa hizo. Kirby aliondoka Marvel mwaka 1970, na katika miaka ya 1980 alihangaika muda mrefu kudai arudishiwe kurasa alizozichora kwa mkono wake. Alizopata zilikuwa sehemu tu. Alifariki 1994, na warithi wake wakafikia mapatano na kampuni mwaka 2014. Watu waliotufundisha kwamba hakuna shujaa wa ziada kundini walitendewa kana kwamba wao ni wa ziada.

Kwa sababu hiyo napendekeza namna ya kuvisoma vijitabu hivi. Kabla ya ngumi ya kwanza, soma kile kisanduku kidogo chenye majina. Ukijua nani alishika penseli, nani wino, nani herufi na nani rangi, utaanza kuona mahali mmoja alipomwokoa mwingine: mchoraji aliyechora uso wa huzuni ukafanya maneno yasihitajike, mwandika herufi aliyeyapitisha maneno hayohayo kando ya uso ule yalipoandikwa hata hivyo, mtia wino aliyeipa giza sehemu iliyochorwa kwa haraka. Hadithi inasema kundi hushinda kila mmoja anapofanya kile ambacho mwenzake hawezi. Hilo husemwa kila siku na kila mtu. Vijitabu hivi vilithibitisha, mwezi baada ya mwezi, kwa sarafu chache na kwenye karatasi duni, kwamba linafanyika.