Dawa ya Kuziba Gasketi: Inashika Wapi, Inashindwa Wapi

Mwaka 2004, Subaru ya Marekani iliwaita wamiliki wa baadhi ya magari yake ya lita 2.5 yaliyotoka kati ya 1999 na 2002. Huko kwa wakala hakuna aliyefungua injini. Fundi alimimina kichupa cha dawa kwenye mfumo wa kupoza, basi. Aliyekubali, dhamana ya gasketi ya silinda hedi ilirefushwa hadi miaka 8 au maili 100,000, yaani kilomita 160,000 hivi.

Fundi anayeziona dawa hizi zote kuwa utapeli atashangaa. Lakini wahandisi walijua uvujaji uko wapi. Injini hizo hulala, silinda kulia na kushoto, na kulanti ilikuwa ikichuruzika nje, polepole, kwenye ukingo wa chini wa gasketi. Kinachosukuma hapo ni shinikizo la maji peke yake, ambalo mfuniko wa rejeta huliachia likifika karibu bar 1.

Gasketi iliyoungua kati ya silinda na njia ya maji ni habari nyingine kabisa. Petroli inapowaka, shinikizo ndani ya silinda linaweza kupita bar 50, na injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000, kila silinda hupiga mara 1,500 kwa dakika. Dawa imekaa upande wa maji, kipigo kinatoka upande wa pili. Mwanya mwembamba huenda ukashika kwa muda. Hedi iliyopinda kwa gari kuchemsha haishikiki: injini nyingi ndogo hazivumilii mpindo wa zaidi ya 0.05 hadi 0.1 mm.

Kwa hiyo kipimo kitangulie. Hewa iliyo juu ya maji ya rejeta huvutwa ipite kwenye kimiminika cha bluu. Kikigeuka njano, gesi ya silinda imeingia kwenye maji. Ni kazi ya dakika chache, na inasikitisha kuona wengi wakiiruka.

Dawa kali nyingi zina sodiamu siliketi. Ikifika penye mwanya wenye joto, maji yake hukauka na kuacha tabaka gumu la kioo. Kinachoharibu kazi mara nyingi ni haraka ya mmiminaji: siliketi ikikutana na kulanti yenye glaikoli huganda kuwa ute, na ute huo huziba vijia vyembamba vya rejeta na hita. Ndiyo sababu maelekezo ya dawa za aina hii hutaka mfumo uoshwe na kujazwa maji matupu kwanza.

Ukali wa kemikali hiyo ulionekana Marekani mwaka 2009, serikali ilipowalipa watu waachane na magari yanayokula mafuta. Ili injini zisirudi barabarani, oili ilimwagwa, ukawekwa mchanganyiko wenye sodiamu siliketi asilimia 40, injini ikazungushwa kwa mizunguko 2,000 hivi mpaka ikakwama.

Gari ambalo oili yake imekuwa rangi ya chai ya maziwa lisisogezewe chupa hiyo. Pale maji yalipopenya, dawa nayo itapenya, hadi kwenye beringi za krenki. Hedi ifunguliwe, ipimwe kwa rula ya chuma, ipelekwe kusagwa ikiwa imepinda, na gasketi mpya ikazwe kwa torki aliyoiandika mtengenezaji.