Macho Yamo Mdomoni: Namna ya Kulipima Lipiko

Ukiletewa lipiko, yaani kinyago cha ngoma cha Wamakonde, hapa Mtama, usianze na uso. Ligeuze, uingize mkono ndani. Upande wetu wa Mto Ruvuma, Tanzania, vinyago vingi vya ngoma huvaliwa usoni. Lipiko la Wamakonde wa Msumbiji huvikwa kichwani mithili ya kofia, na mchezaji huonea mdomoni mwa kinyago. Mdomo ukiwa umezibwa, ujue hilo lilichongwa liende kukaa ukutani. Pitisha vidole ndani: utafute alama za patasi, kuta zilizokonda, na weusi wa jasho pale paji linapogusa mti. Wajanja hupaka nje rangi ya viatu ili lionekane kuukuu, ndani wakapasahau.

Kisha uzito. Mpingo una heshima yake, nami nina vya mpingo nyumbani, lakini kofia ya mpingo haichezeki, shingo itakatika. Lipiko hutaka mti mwepesi.

Usoni tazama nywele. Zilizo nzuri ni za binadamu, zimebandikwa vishungi vishungi. Chale ziwe na mpango, maana mchoro wa chale una kwao, si mapambo ya kujazia shavu.

Kazi ngumu ni kumchonga Mzungu. Ng'ambo ya Ruvuma mafundi walimtia Mreno ngomani wakati yeye mwenyewe angali anatawala, na waliovuka kuja kukata mkonge Lindi na Mtwara walikuja na ujuzi huo. Tarehe 16 Juni 1960 Wareno waliwafyatulia watu risasi Mueda, Msumbiji. Mwaka 1964 vita vya kuwang'oa vikaanza. Kwa hiyo ni rahisi kwa fundi kumchonga Mreno kama zimwi, meno nje, pua kama mpini. Mimi kazi hiyo siinunui. Fundi hodari humtazama mtu wake: sharubu zilizonyooshwa, mashavu yaliyolegea kwa joto, kofia ya bwana shauri iliyokaa sawa hata jasho likimtiririka. Unacheka kabla hujajua unacheka nini. Wahenga walisema kinyago ukichongacho mwenyewe hakikutishi, na hapo ndipo lilipo tusi lenyewe: yule aliyekuandika kwenye daftari la kodi, leo wewe ndiye unayeamua kidevu chake kiwe wapi. Ila fundi akimlipulia Mreno, asimpe nywele na msasa kama anavyompa mzee wa kwao, hasira imemshinda mkono.

Kipimo hichohicho nakitumia kwa Gonçalo Mabunda wa Maputo, anayeunga vinyago kwa vyuma vya silaha zilizosalimishwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1992. Risasi ikigeuka jicho, ukasahau kuwa ni risasi, halafu ukakumbuka, kazi imekaa. Ikibaki risasi tu, ni chuma chakavu.

La mwisho, uliza lilikotoka. Mwaka 1906, Maji Maji haijatulia, Mjerumani Karl Weule alitoka Lindi kuelekea Masasi na Newala akikusanya vitu vya makumbusho ya Leipzig. Mwaka 1984 lipiko liliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Likaonekana Geneva, kwenye makumbusho ya Barbier-Mueller, na halikurudi hadi mwaka 2010. Basi muuzaji akikwambia "hili la babu", akashindwa kumtaja babu, kijiji wala ngoma liliyochezewa, mrudishie mkononi uende zako.