Kasiksi haingoji: juu ya jioni zetu za utamaduni

Wapenda mila wanapokutana, mara nyingi Ireland hutajwa kuwa mfano. Nchi ndogo, wanasema, lakini ina whiskey yake, nyumba za kunywea za miaka mingi, na fidla na filimbi zinazopigwa humo mpaka usiku. Halafu mtu anauliza: na sisi huku Rubaya tuko na nini? Nganda za mabati, jenereta, na kreti za Primus. Swali hilo tunaona limewekwa vibaya.

Watu wa Ireland si wageni kabisa kwetu. Mwaka 1960 Umoja wa Mataifa ulituma batalioni yao ya 32 huku Kivu, ikawa na makao Goma. Lakini hapa hatuandiki juu ya askari, tunaandika juu ya namna jioni yao inavyokaa. Wapigaji hawapandi jukwaani. Wanazunguka meza moja, wakitazamana, glasi katikati, na anayejua wimbo anaingia na chombo chake. Tena desturi hiyo si ya kale kama watalii wanavyodhani. Zamani walicheza majumbani na kwenye njia panda. Sheria ya 1935 ikataka kibali kwa kumbi za dansi, na kukutana kupiga muziki ndani ya nyumba za kunywea kulipata nguvu baada ya vita ya pili ya dunia, hasa kwa wahamiaji wao waliokuwa wakitafuta kazi London. Kumbe si ukuta wa zamani ulioleta muziki.

Na Masisi inajua uhamiaji. Kwenye nchi ya Wahunde na bami wao, Wabelgiji walileta familia kutoka Rwanda kati ya 1937 na 1955, nao pamoja na majembe wakaja na inanga na umuduri.

Tofauti kubwa iko ndani ya kinywaji. Whiskey ya Ireland, kwa sheria, hukaa si chini ya miaka 3 ndani ya pipa la mti, na baada ya hapo inaweza kumngoja mnywaji wake. Kasiksi haingoji. Ndizi zinafukiwa shimoni na majani, zinapashwa moto mpaka ziive, zinakamuliwa kwa nyasi, maji yanaongezwa, kisha unga wa mtama uliokaangwa. Siku mbili tatu, iko tayari. Siku chache tena, imekuwa siki. Mwenye kuitengeneza hana namna ila kuita majirani, na jioni ya muziki ilizaliwa pale: mtungi umeiva, watu wamekuja, mwenye inanga yupo. Inanga yenyewe, uzi mmoja mrefu uliopitishwa mara nane hivi juu ya ubao, iko na sauti ndogo. Inataka watu waliokaa karibu.

Primus, kama whiskey, inangoja. Kwa hiyo kila mtu anakunywa siku amepata pesa ya koltani, na spika inamaliza mazungumzo. (Rumba hatuikatai, tunakataa sauti yake.) Na anayesema whiskey yetu ni kanyanga, tumjibu kwamba hatujaona mtu aliyesikiliza inanga mpaka mwisho akiwa na kanyanga kichwani.

Sasa tuangalie jioni za utamaduni zinazoandaliwa siku hizi. Mpigaji wa inanga anapewa dakika 10 kati ya hotuba mbili, mikrofoni mdomoni, wakubwa wakiwa kwenye viti vya mbele, kila mmoja na chupa yake. Kasiksi iko mezani ndani ya kibuyu kizuri, kwa ajili ya picha. Hakuna anayeinywa. Mzee anateremka, watu wanapiga makofi ambao hawakusikia neno hata moja. Hiyo ni maonyesho tu, jioni haijafika bado.

Lakini tusiseme kosa ni la spika peke yake. Mrija unaopita kutoka mdomo hadi mdomo unataka watu wasioogopana. Mwenye nyumba alionja kwanza, mbele ya wote, kuonyesha hamna sumu, ndipo mrija ukapita kwa mgeni. Machi 1993 mauaji yalianzia soko la Ntoto kule Walikale, yakafika Masisi, jirani akamkimbia jirani. Vita ikarudi mara nyingi, hata M23 wakaushika mji wa Rubaya mwaka 2024. Katika miaka hiyo yote chupa yenye kifuniko, inayofunguliwa mbele ya macho yako, imekuwa pia namna ya kujilinda, na hatuwezi kumcheka anayeichagua.

Kwa hiyo waandalizi wa jioni ijayo wasianze na kutafuta jukwaa. Wazime jenereta, waweke mtungi chini, mpigaji akae kwenye kiti kifupi katikati ya watu. Na kabla ya kadi za mwaliko wakubaliane nani ataonja kwanza, na nani, wa kabila lingine, atapokea mrija baada yake.