'Nguvu ya 240': Neno moja lisibebeshwe mizigo minne

Miezi michache iliyopita nilinunua ekstensheni katika duka moja mjini Kisumu. Nilipomuuliza muuzaji iwapo ingehimili birika la umeme na pasi kwa pamoja, alinijibu bila kusita: "Mzee, hii iko na nguvu ya 240. Weka chochote unataka." Nami, mwalimu wa lugha kwa zaidi ya miaka thelathini, nikaamini. Haikupita nusu saa kabla ya nyumba kujaa harufu ya plastiki inayoungua. Waya ulikuwa umelainika mithili ya mshumaa.

Sikusudii kumlaumu muuzaji yule. Alisema tunavyosema sote. Ninachohakiki katika makala haya ni neno lenyewe, 'nguvu', ambalo tumelibebesha mizigo minne tofauti katika mazungumzo yetu kuhusu stima.

Mzigo wa kwanza ni volteji, yaani msukumo wa umeme, unaopimwa kwa volti. Wa pili ni mkondo, kiasi cha umeme kinachopita kwenye waya kila sekunde, unaopimwa kwa ampea. Wa tatu ni nguvu yenyewe, kasi ya umeme kufanya kazi, inayopimwa kwa wati. Wa nne ni nishati, jumla ya kazi iliyofanywa, ambayo ndiyo tunayoilipia tununuapo tokeni. Hayo yote huambiwa 'nguvu'. Tena lipo dhana la tano ambalo mtaani halina jina kabisa: ukinzani, yaani jinsi kifaa au waya unavyouzuia mkondo kupita. Kipimo chake ni omu.

Mvuvi wa Dunga hahitaji kamusi ili aelewe neno 'mkondo'. Ameuona mtoni na ziwani. Mwonyeshe tangi la maji lililoinuliwa juu ya paa. Urefu wa tangi kutoka ardhini ndio msukumo. Maji yanayopita bombani ndiyo mkondo. Wembamba wa bomba ndio ukinzani. Kumwambia kwamba vitu hivi vyote ni 'nguvu' ni kumpotosha mtu aliyekwisha kuelewa.

Turudi kwenye ekstensheni. Ile 240 iliyosifiwa na muuzaji ilikuwa volti, na volti 240 ndicho kiwango cha kawaida cha soketi za nyumba zetu nchini Kenya. Kila ekstensheni dukani mle ilikuwa na 240 hiyo. Haikuwa sifa. Nilipaswa kuuliza kuhusu ampea, na ekstensheni yangu, nilivyokuja kuona baadaye, ilikuwa imeandikwa 10.

Hesabu yake si ngumu. Ukigawanya wati kwa volti, unapata ampea. Birika langu ni la wati 2,400: gawa kwa 240, unapata ampea 10. Pasi ni ya wati 1,200: ampea 5. Jumla ni 15, ilhali waya ulikadiriwa kubeba 10. Fyuzi ya ampea 13 iliyomo kwenye plagi nayo haikatiki papo hapo kwa ziada ndogo kama hiyo. Aidha, ukigawanya volti kwa ampea unapata ukinzani: wa birika ni omu 24, wa pasi ni omu 48.

Waya nao una ukinzani wake, hata kama ni mdogo. Tuseme ni omu 0.2. Joto linalozalishwa ndani yake hupatikana kwa kuzidisha ampea kwa ampea, kisha kwa omu. Pasi ikiwa peke yake, ni 5 mara 5 mara 0.2, yaani wati 5. Ukiongeza birika, ni 15 mara 15 mara 0.2, yaani wati 45. Mkondo umeongezeka mara tatu, lakini joto limeongezeka mara tisa. Hapo ndipo plastiki inaponuka.

Kuna watakaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa mambo haya. Dai hilo halina mashiko. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Istilahi tunazo. Kasoro ni kwamba tumeziacha rafuni, hazijafika dukani wala kwa fundi.

Wala sisemi tulifute neno 'nguvu'. Kituo cha Sondu-Miriu huko Nyakach kinapoelezwa kuwa na nguvu ya megawati 60, neno limetumika barabara, kwa kuwa wati ni kipimo cha nguvu. Tena sina ugomvi na neno 'stima', ambalo hata wanaozungumza Kiluo wanalo. Neno lililoanza likiitwa meli ya mvuke likaishia kuwa umeme limejipatia uraia wake. Lugha huruhusu neno kuhama. Isichoweza kuvumilia bila madhara ni neno moja kusimama mahali pa vipimo vinne, hasa pale ambapo kosa huteketeza nyumba.

Wanahabari wanaoripoti kuhusu umeme waseme volteji imeshuka wanapomaanisha volteji, si 'nguvu za stima zimepungua'. Walimu wa fizikia wasione haya kutamka 'ukinzani' darasani. Nasi wanunuzi tujifunze swali moja fupi, ambalo ningaliliuliza siku ile ningaliokoa waya wangu: "Hii inabeba ampea ngapi?"